Mtoto Asiyelia

"Mama Naku, njoo uone," mume wangu aliita kutoka ukumbini. "Anapiga miayo tena."

Nilikuwa nimeshatoka jikoni kabla hajaita, mikono bado ina maganda ya maharage. Mbonea alikuwa kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha, miwani myeusi usoni, binti yetu amemlaza mapajani. Nje, jua la saa nne lilikuwa limeviwasha vyandarua vya kunasa maji ya ukungu kule kileleni, safu nzima ya mlima inameta kama imevishwa shela. Mashine za buibui zilikuwa zinatambaa juu yake taratibu zikishona palipochanika usiku. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya mume wangu, kuwaongoza buibui. Siku hizi anawatazama tu kutoka kitini.

"Angalia ulimi unavyotetemeka," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye kanisani. "Miezi saba, mke wangu. Na huu mwezi wa nne hajalia hata siku moja. Hivi Usangi nzima nani ana mtoto kama huyu?"

Nakundwa alikuwa analia.

Wala si kulia kwa kudeka. Jino la pili lilikuwa linatoka, na alikuwa anapiga yowe lenye pumzi ndefu, uso umeiva, ngumi mbili juu, machozi yanaingia masikioni. Kuku wa mama mkwe walikuwa wamekimbilia uani. Baba yake akamfuta chozi kwa kidole, akatabasamu. "Na macho yanamtoka machozi kabisa. Miayo ya mtu mzima hii."

Mara ya kwanza alipoita kilio miayo, wiki kadhaa nyuma, nilicheka nikidhani ananitania. Mara ya pili nilidhani anavumilia maumivu na hataki nijue, nikampenda zaidi. Asubuhi hii nilisimama karibu mno na uso wake. Hapakuwa na utani pale, wala uvumilivu. Palikuwa na furaha tupu.

Nikagusa utepe wangu nyuma ya sikio. Ulikuwa wa moto.

"Ana usingizi," nikasema, nikamnyanyua mtoto. "Nampeleka nyuma."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake tangu tuoane, na ulitoka mdomoni bila kuomba ruhusa.

*

Kapi la chandarua namba tisa lilikatika Nakundwa akiwa na wiki tatu. Lilimpiga Mbonea kwenye kofia ya kazi. Kofia haikupasuka, damu haikutoka. Alishuka mlimani kwa miguu yake, akala, akalala, na aliyeamka alikuwa mtu ambaye kijiko kikigusa sahani anashika kichwa kwa mikono miwili. Mtikisiko wa ubongo, walituambia zahanati, utaisha ndani ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa nane. Mwanga ulimchoma. Maneno yalimponyoka; aliniomba "kile kitu cha kukalia maji" akimaanisha glasi. Alilala mchana kutwa akaamka amechoka. Wenzake waliokuja kumsalimia walikaa dakika tano wakimwangalia kichwa kisicho na jeraha, wakaondoka wakisemezana njiani, na mimi niliwasikia.

Ndipo zikaja tepe za zahanati, mmoja nyuma ya sikio lake na mmoja nyuma ya langu.

Kwenye masomo ya jioni niliyopewa kabla ya kuvaa utepe, mwalimu alituchorea ubongo ubaoni akasema kazi yake kubwa si kusikia, ni kukataa kusikia. Saa hii unayosoma haya kuna nguo inakugusa mgongoni, kuna mtu anaongea mbali, kuna damu inapita sikioni mwako. Ubongo unavirudisha vyote mlangoni na kukuachia kimoja unachokihitaji. Kwa mume wangu yule bawabu alikuwa ameanguka. Kila kitu kiliingia, na kila kitu kiliingia na viatu.

Utepe wake unazuia sauti na mwanga mlangoni kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na katika muda huo unauuliza utepe wangu: hiki kinahitajika? Ubongo wangu unajibu kabla mimi sijajua kama nimeulizwa. Kikikubaliwa kinapita kwake kisafi. Kikikataliwa kinazimika. Sisikii mawazo yake, wala yeye yangu. Tunagawana bawabu tu, mradi tuwe ndani ya hatua hamsini.

Siku ya kwanza nilimtoa uani akiwa amenishika bega kama kipofu. Alikuwa amekaa gizani miezi miwili na nusu. Akasimama, akageuza shingo, midomo ikaanza kumcheza.

"Nasikia ndege," akasema, kisha akaniita kwa jina langu. "Mmoja. Navo, ni mmoja tu!"

Tukalia wote wawili pale pale kwenye matope. Mtu anamsikia ndege mmoja, na unajua kwamba ndege yule amepita kwanza ndani yako. Sijui niite nini. Nilizaa mtoto mwaka huo huo na bado nilihisi sijawahi kuona jambo kubwa kama lile.

*

Kesho yake, baada ya asubuhi ile ya miayo, nilikwenda zahanati. Nikitoka nje ya hatua hamsini, Mbonea inabidi avue utepe aingie chumba cha giza na pamba masikioni, anisubiri. Nilimwacha amelala chali, mama mkwe akambeba Nakundwa mgongoni akaenda naye shambani.

Daktari Kavishe ni mwanamke wa Rombo, nywele nyeupe, mtani wetu wa asili na wa hiari. Alipoona uso wangu hakunitania. Alichomeka utepe wangu kwenye mashine yake, ukutani pakatokea orodha ndefu.

"Haya ndiyo uliyoyazuia kwa miezi minne," akasema. "Mvua ya bati, sawa. Redio ya jirani, sawa. Mbuzi. Baragumu la msaragambo, limepigwa mara kumi na saba, limezuiwa mara kumi na saba."

Nikainamisha macho. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu kwenda kufanya kazi ya pamoja, kuzibua mifereji au kukaza kamba za vyandarua. Mbonea alikuwa ameniuliza mara mbili kwa nini kijiji kimeacha msaragambo. Nilimjibu hawajaacha, nikidhani ni kichwa chake kinasahau.

"Na huyu nani? Sauti ya mwanamke mtu mzima, ndani ya nyumba. Umezuia asilimia arobaini."

"Mama mkwe," nikasema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Arobaini tu? Mama, wewe una moyo mwema. Mimi wa kwangu ningemzuia tisini na tano, tano nimwachie aniambie chakula kimeiva."

Nikacheka pia, bila kupenda. Kisha akashuka hadi mstari wa mwisho na kicheko kikakauka kwa wote wawili.

Kilio cha mtoto: mara elfu moja mia mbili na sita. Kilichopita: sifuri.

"Sikuchagua, daktari."

"Najua. Ungekuwa unachagua, ungechoka, kimoja kingepenya siku moja kwa bahati. Hii siyo akili yako iliyofanya. Ni woga, nao haulali." Akazima orodha. "Nyie huku si mna ndiva?"

Tunazo. Ndiva ni bwawa letu la mlimani. Linajaa kutwa na usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda shamba kwa shamba kwa zamu. Siku hizi linajazwa na vyandarua, chemchemi zilishakauka enzi za bibi yangu, lakini zamu ni zile zile.

"Ikifika zamu ya nyumba ya mshika lango, nani anafungua?"

"Mtu wa nyumba nyingine," nikasema. "Yeye anakaa mbali kabisa. Hata kama ni mwaminifu. Hiyo ndiyo sheria ya kamati."

"Na mimi siku ile ya kuwapa tepe niliwaomba nini?"

Nilikumbuka. Alituomba mtu wa nyumba nyingine. Alisema mtu asiye na chake pale atachuja vizuri zaidi. Mama mkwe alisimama katikati ya chumba hiki hiki, mkono kiunoni: "Mtu baki aingie kichwani mwa mwanangu? Ajue anasikia nini nyumbani kwake? Watu wa Usangi watatuonaje?" Nami, mke mwenye mtoto mchanga na kiburi cha mapenzi, nilitikisa kichwa kukubali. Nani amjue mume wangu kuliko mimi? Maji ya shamba hatuthubutu kumpa mtu ayafungulie nyumba yake. Kichwa cha mtu tulikitoa bila hata kikao.

"Ulianza lini kukiogopa kilio?" Daktari aliuliza.

Sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia. Ilikuwa wiki ya tano baada ya kapi, kabla ya tepe. Niliwaacha Mbonea na mtoto nikaenda bombani, sikukaa nusu saa. Niliporudi nilisikia kilio kinatoka nje. Nakundwa alikuwa kwenye majani karibu na uzio, peke yake. Nilimkuta Mbonea nyuma ya banda la ng'ombe, amechuchumaa, kichwa katikati ya magoti, anatetemeka. Nilipomgusa aliniuliza, "Nimetokaje huku?" Hakukumbuka kitu. Sikumkumbusha. Tangu siku hiyo mtoto akifungua tu kinywa, mwili wangu unakuwa umeshafika. Utepe ulijifunza kutoka kwangu.

Daktari aligeukia mashine yake. Kisha akaniwekea picha mbili za ubongo wa mume wangu. Ya kwanza ilikuwa na sehemu iliyowaka nyekundu kama kaa la moto, bawabu aliyejeruhiwa anajaribu kusimama. Ya pili, ya wiki iliyopita, sehemu ile ile ilikuwa ya kijivu.

"Haumwi tena kwa sababu hajaribu tena," akasema. "Unamfanyia kila kitu, na hasa vile vigumu. Mfereji usiopitisha maji unaota majani, unajua mwenyewe. Nadhani tunazo wiki sita. Baada ya hapo siwezi kuahidi kwamba bawabu wake ataamka."

"Na asipoamka?"

"Ataishi hivi. Wapo wanaoishi hivi, mama, sikufichi. Anakula, anacheka, hana maumivu, mradi mke yuko ndani ya hatua hamsini. Na ana mtoto asiyelia."

Nilifikiria uso wake pale dirishani. Nilifikiria ile sauti ya kanisani. Mungu anisamehe, kwa muda kidogo niliona si vibaya.

"Nataka kusikia anachosikia yeye," nikasema. "Bila mimi."

"Kwa nini ujitese?"

"Daktari, nataka kusikia."

Alikataa, kisha akakubali, sekunde ishirini tu. Alinivika utepe wa kujifunzia, akanikalisha katikati ya chumba, akahesabu kwa vidole.

Sina maneno yake, ila nitajaribu. Kwanza bati la paa likaongea. Lilikuwa linatanuka kwa jua, kila msumari na sauti yake, na kila msumari ulikuwa mkubwa kama mimi. Kucha za kuku nje. Pumzi ya daktari ikiingia puani mwake, na nywele za pua zikiikwaruza. Mtu akikunja karatasi chumba cha tatu. Maji, maji mengi, nikajua ni vyandarua kule kileleni vinadondosha tone moja moja ndani ya mifereji, maelfu, na nilisikia kila tone peke yake na yote kwa pamoja. Damu yangu ilinguruma. Nuru ya dirishani nayo ikawa na uzito, ikanisukuma. Hakuna kilichokuwa mbele wala nyuma, hakuna kilichonihusu wala kisichonihusu. Nilijua niko mbele ya jambo la kutisha na zuri kupita kiasi, dunia yote kama ilivyo kabla hatujaipunguza ili tuweze kuishi ndani yake. Nikataka kupiga magoti. Nikataka kufa.

Ulipovuliwa nilikuwa nimesimama, mgongo ukutani, natweta. Mkoba wangu ulikuwa mlangoni, vitu vyake vimetawanyika sakafuni mpaka chini ya meza.

"Nani ameutupa?" nikauliza.

"Wewe," alisema daktari kwa upole. "Sekunde ya kumi na mbili. Ulikuwa umeupakata."

Niliokota vitu vyangu nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa nimeupakata mkoba, nikautupa, na sikumbuki. Karibu nusu saa yeye alikuwa ndani ya kelele ile na mtoto anayepiga yowe mikononi mwake. Alipita mlango, akapita jiwe la kufulia, akapita shimo la mbolea, akafika penye majani laini. Akamweka chini.

Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeshika neno moja, *alimwacha*. Sikuwahi kulifikiria lile lingine, *alimweka*.

*

Nilimwambia mchana huo huo, kabla woga haujanishauri vingine. Alikuwa ametoka chumba cha giza, tepe zetu zimeshaungana, anakunywa uji. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anatoa kunde maganda, Nakundwa kwenye mkeka anatafuna mwiko wa mti. Nilisema yote kwa mfululizo, baragumu, orodha, miayo. Nilipofika kwenye asilimia arobaini mama mkwe aliacha kunde.

"Kumbe! Jumanne nimemwita Mbonea aninyooshee ile nguzo ya kamba, nimeita mara tatu, nikasema huyu mtoto leo amenidharau. Kumbe ni wewe mwanangu unanifungia?"

"Sikujua, mama."

"Arobaini!" Akatikisa kichwa. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza. "Marehemu mkwe wangu angenifungia zote mia, na mimi yeye vivyo hivyo. Endelea."

Lakini Mbonea hakucheka. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kama kinaweza kulipuka.

"Analia," alisema.

"Ndiyo."

"Kama watoto wengine."

"Kuliko wengine," akasema mama mkwe. "Ana koo la shangazi zake."

"Nimemshukuru Mungu kila asubuhi," Mbonea alisema polepole, maneno yake yakitafutwa moja moja. "Nikasema, amenipiga kichwa lakini amenipa mtoto wa amani. Nimewaambia watu. Kirangi wa kazini alipokuja nilimwambia mwanangu halii, akanitazama hivi. Nikadhani ana wivu." Alivua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake mchana baada ya muda mrefu, mekundu, yamebanwa na mwanga. "Navoneiwa, umenifanya mgeni ndani ya kichwa changu mwenyewe."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningeweza kujitetea.

"Kwa nini kilio?" akauliza. "Mvua naelewa. Mama naelewa."

"Haya sasa," mama mkwe akanung'unika.

"Kwa nini mwanangu?"

Basi nikamweleza siku ile ya bomba. Nilieleza majani, uzio, banda la ng'ombe. Uso wake ulififia jinsi nilivyokuwa naongea, mpaka nikaogopa ataanguka. Mikono aliiangalia kama imeletwa na mtu mwingine.

"Basi usifungue," akasema. "Acha hivi hivi. Mzuie. Mzuie milele."

"Bawabu wako atakufa, amesema daktari. Tuna wiki sita."

"Afe! Unataka nisikie tena, nimfanye nini safari hii? Nina kazi gani na sikio kama mtoto hana usalama? Mama, mwambie."

Mama mkwe alikuwa amekishika kikapu cha kunde kwa mikono yote miwili. "Mimi nisiseme," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa mtu wa nje. Niliona aibu ya watu kuliko kichwa chako. Nikisema tena nitakosea tena."

Hapo ndipo nilipokwama. Njiani kurudi kutoka zahanati nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nimejiandaa kwa hasira yake. Sikujiandaa aniombe niendelee. Kumfungulia kwa nguvu kungekuwa kumwamulia tena. Kumfungia kwa ombi lake kungekuwa kumzika taratibu huku amenipa jembe mwenyewe. Na chini ya yote hayo, mwili wangu ulikuwa umeshafurahi. Ulitaka kumfungia. Ulikuwa unangoja tu nikubali.

"Leo nimekaa ndani ya kelele zako," nikamwambia. "Sekunde ishirini. Nilikuwa nimepakata mkoba wangu, Baba Naku. Niliutupa mpaka mlangoni, na sikujua."

Akainua macho kutoka mikononi mwake.

"Wewe ulikaa humo na mtoto. Kutoka kiti hiki mpaka uzioni ni hatua arobaini na kitu, na njiani kuna jiwe na kuna shimo. Ulimbeba yote hiyo. Ulimtafutia majani. Mimi nilichukua siku ile nikaigeuza jina moja baya nikaifungia ndani. Sikuwa nimeona alichofanya yule mtu. Leo nimeona."

"Usinipambe," alisema.

"Sikupambi. Nakuambia nilichosikia."

Nikaupeleka mkono nyuma ya sikio. Sikuuvua kwanza, maana hilo lingekuwa kumvamia. Niliuzungusha tu utepe hadi ile sehemu yenye kitufe kidogo ikae mbele, nikauvua pole pole bila kuuzima, nikamwekea kiganjani. Ukiwa mkononi hivyo unabaki na mazoea yangu kwa dakika chache. Akibonyeza, unazimika, na kila kitu kinamwingia bila bawabu.

"Daktari amepanga dakika tatu kwa siku za kusikia bila kuchujiwa, kisha nne," nikasema. "Amesema pia atatuletea mtu wa nyumba nyingine wa kushika utepe kwa saa zilizobaki. Mimi sitashika tena, hata ukiniomba. Lakini dakika tatu za leo ni zako. Ukitaka usibonyeze, usibonyeze."

Nakundwa alitupa mwiko. Nilimwona akikunja uso, nikajua kinachofuata, mwili wangu ukajua kabla yangu. Kinywa kikafunguka, kikatetemeka, na yowe likajaa chumba kizima.

Mbonea alimtazama. Aliuona mdomo, aliona machozi. Kwa upande wake palikuwa kimya, ndege labda, au kunde.

"Analia sasa hivi?" akauliza.

"Siwezi kukujibu," nikasema, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuzaa.

Alishuka kitini akakaa sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameitandaza. "Mama, mlete." Mama mkwe alimwangalia, akaniangalia mimi, akamnyanyua mjukuu wake akamlaza kwenye mapaja ya mwanawe, akarudi nyuma hatua moja tu.

Akabonyeza.

Kilimpiga kama maji ya baridi. Kichwa kiligonga ukuta, meno yakakazana, mshipa wa shingo ukasimama. Niliona mikono yake inaanza kufunguka, nikaona yangu imeshanyooka kuelekea kwa mtoto. Nikaketi. Niliikalia mikono yangu, yote miwili, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mama mkwe alikuwa ameshika kinywa.

"Kubwa," alisema Mbonea katikati ya pumzi. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ni kubwa... Navo, ni sauti kubwa hivi?"

"Ni kubwa hivyo."

"Inatoka kwa huyu? Huyu mdogo?"

"Kwa huyo huyo."

Alifumba macho. Nakundwa alilia, akavuta pumzi, akalia tena, na katika ile nafasi ya kuvuta pumzi niliona baba yake akisogeza sikio, sentimita moja labda, badala ya kulirudisha nyuma. Vidole vyake vilijifunga kwenye nguo ya mtoto. Alikuwa analia naye sasa, mdomo wazi, bila sauti.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alimwambia. "Kumbe ndivyo ulivyo, mama."

Dakika ya kwanza ilikuwa haijaisha. Sikuangalia saa tena. Nilikaa juu ya mikono yangu hadi ikafa ganzi, nikimsikiliza mwanangu akipiga kelele za kupasua paa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sikuwa nimefika kwake kabla ya baba yake.